Forester inapandisha mizunguko bila kuongeza mwendo mlimani, na taa ya AT OIL TEMP inawaka na kuzima: ni oili, umeme au klachi?

Mzee wa Ruaha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijaruhusu giaboksi ishushwe chini.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya mwaka 2005, injini ya lita 2.0 isiyo na tabo, giaboksi ya otomatiki yenye gia 4. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kwenda Iringa nikiwa na familia na mizigo ya kutosha. Hadi Ruaha Mbuyuni gari halikuonyesha dalili yoyote mbaya, lakini tulipoanza kupanda mlima Kitonga, kila nilipokanyaga mafuta mshale wa mizunguko ulipanda kutoka kama 2,200 hadi kukaribia 4,000, huku mwendo ukibaki kwenye kilomita 60 kwa saa na baadaye ukianza kushuka. Karibu na kileleni taa ya AT OIL TEMP iliwaka moja kwa moja. Tulisimama Ilula kupumzika nikazima injini. Nilipowasha tena, taa ile ile iliwaka na kuzima haraka haraka mara nyingi kisha ikatulia, na taa ya injini ikabaki inawaka mpaka leo.

Mashine ndogo ya kupimia imetoa kodi (namba ya hitilafu) moja tu, P0741. Fundi wa kwanza hapa Iringa anasema klachi za ndani zimekwisha, kwa hiyo nifungue giaboksi au ninunue ya mtumba kutoka Japani. Fundi wa pili anasema ni sensa tu. Niongeze mambo mawili: asubuhi kukiwa na baridi, gia ya kurudi nyuma huchelewa kushika, na kabla ya safari nilibadilisha oili ya giaboksi kwenye gereji moja ya mjini.

Spana 17

Fundi wako wa kwanza yuko sahihi. Sahani za klachi ndani ya giaboksi zimebandikwa tabaka jembamba la kusugulia, na tabaka hilo likishaungua halirudi. Mizunguko kupanda bila mwendo maana yake klachi inateleza, na inapoteleza inazalisha joto, na joto linamalizia kilichobaki. Kurudi nyuma kuchelewa ni ushahidi wa pili. Toa oili kidogo uinuse: ikinuka kuungua, usipoteze fedha kwenye sensa. Oili yenyewe pima injini ikiwa imezimwa.

Umeme wa Magari

Mkuu Spana, unamshushia mtu giaboksi kwa kusoma maelezo tu. Twende polepole.

Taa ya AT OIL TEMP kwenye Subaru hizi ina lugha mbili, na watu wengi huzichanganya. Ikiwaka moja kwa moja ukiwa njiani, inasema oili ya giaboksi imepata joto kupita kiasi. Ikiwaka na kuzima mara 16 baada ya kuwasha injini, inasema kompyuta ya giaboksi imehifadhi kodi ya hitilafu. Mzee wa Ruaha amepata zote mbili, na haya ni mambo mawili tofauti hata kama chanzo kinaweza kuwa kimoja.

Sasa P0741. Kodi hiyo inahusu klachi ya kufungia iliyomo ndani ya tokikonveta (chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), ile lokapu, kwamba kompyuta iliamuru ifunge lakini ikaona haijafunga inavyotakiwa. Inaweza kuwa solenoidi yake (vali inayoendeshwa kwa umeme), waya, soketi iliyoingia maji, waya wa ati (erthi) wa giaboksi uliolegea, njia ya oili iliyoziba, au klachi yenyewe ya lokapu. Haikutajii klachi za gia. Ningeanza kwa kupima betri na chaji, kisha soketi kubwa ya giaboksi, kisha ukinzani wa solenoidi, kabla mtu yeyote hajagusa bolti za giaboksi.

Halafu, taa ile ikiwaka moja kwa moja njiani, usizime injini. Egesha mahali salama, weka P, acha injini iwake silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, hadi taa izime yenyewe. Ukizima, pampu ya giaboksi nayo inasimama, oili haipiti tena kwenye kipozeo, na joto linabaki limejifungia ndani.

Kijiti cha Oili

Nawashangaa wote wawili: mwenye gari ametuambia kwamba oili ilibadilishwa kabla ya safari na hakuna aliyeuliza ilibadilishwaje.

Giaboksi ya Forester hii ina sehemu mbili za oili zilizo jirani. Kuna oili ya giaboksi yenyewe, ATF, na kuna oili ya difu ya mbele, ambayo ni oili nzito ya 75W-90 na haizidi sana lita moja. Kila moja ina bolti yake ya kumwagia na kijiti chake cha kupimia, kimoja upande wa kushoto na kingine upande wa kulia. Kosa linalojulikana kwa gari hili ni fundi kufungua bolti ya difu akidhani anamwaga ATF, kisha akamimina oili mpya kwenye tundu la ATF. Gari linatoka gereji likiwa na difu kavu na giaboksi iliyofurika. Giaboksi iliyofurika inachapa oili mpaka inakuwa povu, na povu halijengi shinikizo. Mjini hutagundua kitu, lakini mlimani, ukiwa na mzigo, gia zitateleza hata kama klachi ni nzima kabisa.

Kwa hiyo Mzee wa Ruaha, leo hii, kabla ya hayo mengine: pima vijiti vyote viwili.

Na hapo Spana 17 naomba nimrekebishe. Kupima injini ikiwa imezimwa ni utaratibu wa Honda, ambako unazima na kupima mara moja baada ya gari kupata moto. Kwa Subaru na Toyota unapima injini ikiwa inawaka, oili ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare, baada ya kupitisha wenzo kwenye gia zote na kuurudisha P. Ukipima Subaru ikiwa imezimwa, oili iliyoshuka kutoka kwenye tokikonveta itakudanganya kwamba imejaa.

Mzee wa Ruaha

Shukrani. Nimepima kama alivyoelekeza Kijiti cha Oili, injini ikiwa inawaka na ya moto. ATF imepita alama ya juu ya HOT kwa kiasi kinachoonekana, na kijiti kinatoka na vipovu vidogo. Rangi ni nyekundu iliyoelekea kahawia, na harufu ya kuungua ipo ingawa si kali. Kijiti cha difu ya mbele kinaonyesha oili ipo, kati ya alama mbili, nayo ni nzito ya manjano na haina dalili ya wekundu.

Kijiti cha Oili

Basi difu imesalimika, na hilo ni jambo jema sana, kwa sababu difu kavu ingekwisha kuunguruma. Lakini giaboksi imejazwa kupita kiasi, na vipovu vinathibitisha. Punguza mpaka alama, kisha ujaribu tena kabla ya kulipa mtu yeyote.

Mlimani Polepole

Mimi nina swali la kihesabu, maana naona wote tumekubali kwamba gari lilikuwa linateleza.

Uwiano wa gia za giaboksi hii ni 2.785 kwa gia ya kwanza, 1.545 kwa ya pili, 1.000 kwa ya tatu na 0.694 kwa ya nne. Gari likiwa gia ya tatu kwa mizunguko 2,200, ukikanyaga mafuta likashuka gia ya pili kwa mwendo uleule, mizunguko inakuwa 2,200 mara 1.545, yaani karibu 3,400. Hapo lokapu imeachia, na tokikonveta yenyewe chini ya mzigo mkubwa huruhusu tofauti ya mizunguko mia kadhaa. Ukijumlisha, huko kukaribia 4,000 ni jambo la kawaida kwa gari lililobeba watu na mizigo likipanda Kitonga. Dereva aliyezoea gari la gia za mkono anaweza kudhani ni kuteleza, kumbe giaboksi imeshusha gia kama ilivyoundwa.

Spana 17

Hesabu yako ni nzuri, ndugu Mlimani, lakini umesoma nusu ya sentensi. Mwenye gari amesema mwendo ulianza kushuka. Ikiwa gia imeshika, mwendo ukishuka mizunguko nayo hushuka. Aseme mshale ulifanya nini.

Mzee wa Ruaha

Mshale ulibaki karibu na 4,000 hata mwendo ulipofika kama 50. Mguu wangu haukusogea.

Mlimani Polepole

Kwa kilomita 50 gia ya pili ingetaka kama 2,800. Tofauti ya 1,200 ni kubwa kwa tokikonveta peke yake, nakubali. Hata hivyo spidomita na mshale wa mizunguko vikitazamwa na mtu anayeendesha Kitonga kwenye kona zile si vipimo vya maabara. Afadhali mashine inayorekodi kasi ya tabini, pale nguvu inapoingia giaboksi, na kasi ya shafti ya kutokea kwa pamoja. Hapo kuteleza hakuna pa kujificha.

Binti Mekanika

Naongezea pale alipoishia Umeme wa Magari, kwa sababu P0741 inazungumzwa kama vile inaeleza kila kitu. Lokapu ikishindwa kufunga, mizunguko huongezeka kwa mia chache tu kwenye barabara tambarare, gari linakula mafuta zaidi na oili inapata joto. Haiwezi peke yake kuleta kile kilichotokea Kitonga. Ninachoona mimi ni kinyume: oili kwanza ilipata joto au povu, shinikizo likashuka, lokapu ikashindwa kufunga, na kompyuta ikaandika kodi ya kile ilichokiona mwisho.

Namna ya kutenganisha klachi moja na nyingine ni kuendesha gia moja moja. Kwenye giaboksi hii klachi ya mwendo wa chini inafanya kazi gia ya 1, 2 na 3. Breki ya ndani ya giaboksi inayoitwa 2-4 inafanya kazi gia ya 2 na 4. Klachi ya juu inafanya kazi gia ya 3 na 4. Kurudi nyuma kuna klachi yake pamoja na breki nyingine. Kwa hiyo ukiweka wenzo kwenye 2, gari likashika vizuri mlimani, halafu ukiweka 3 likateleza, shaka inaangukia klachi ya juu. Likiteleza 2 na 4 lakini 3 ikawa imara, shaka ni breki ya 2-4. Likiteleza gia zote na kurudi nyuma pia, usitazame klachi. Tazama pampu, filta, kiwango cha oili na shinikizo kuu.

Naomba pia tusisahau injini. Koili au plagi zikiwa dhaifu, gari hukosa nguvu mlimani na watu husema giaboksi imekufa. Tofauti yake ni kwamba injini ikikosa nguvu mizunguko haipandi, inagoma. Hapa imepanda, kwa hiyo injini naiondoa kwenye orodha.

Baharia wa Likoni

Hamjambo. Kisa changu ni cha Toyota, lakini kinahusu jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Kwenye Toyota za otomatiki za zamani taa ya O/D OFF (inayoonyesha gia ya juu kabisa imezimwa) ikianza kuwaka na kuzima yenyewe wakati hujaibonyeza, ni giaboksi inayolalamika. Yangu ilianza hivyo nikipanda kutoka Mombasa kwenda Mariakani, na gari likawa linateleza na kutetemeka kama linapita kwenye matuta madogo ya barabarani. Nilipovuta kijiti, oili ilikuwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa.

Chanzo kilikuwa rejeta. Magari mengi ya otomatiki yana kipozeo cha ATF ndani ya tangi la chini la rejeta, na ukuta ukitoboka maji ya rejeta huingia kwenye giaboksi. Maji yale, pamoja na dawa yake ya kuzuia kutu, hulainisha gundi inayoshikilia tabaka la klachi. Nilipobadilisha rejeta na kusafisha oili mara kadhaa gari lilirudi vizuri, ingawa jirani yangu aliyechelewa kugundua ugonjwa uleule alilazimika kununua giaboksi nyingine.

Mzee wa Ruaha, fungua pia mfuniko wa rejeta uone kama kuna mafuta yanaelea.

Mzee wa Ruaha

Nimetazama. Maji ya rejeta ni safi na hayana mafuta, na ATF haina umaziwa.

Tena Bolti

Mbona mnahangaika? Kwa gari linaloteleza, wazee wa zamani walikuwa wanaongeza oili ya injini kidogo kwenye giaboksi, inakuwa nzito, klachi inashika. Dereva mmoja ninayemjua alifanya hivyo na bado anafanya kazi.

Binti Mekanika

Ndugu Tena Bolti, tafadhali usimwambie mtu jambo hilo. ATF ina viungo maalumu vinavyosimamia msuguano wa klachi wakati inapofunga, na ndiyo maana hata ATF za aina tofauti hazibadilishani ovyo. Oili ya injini haikuundwa kwa kazi hiyo. Huyo dereva unayemjua anaendesha kwa bahati.

Dereva wa Mai Mahiu

Niko Kenya, na naendesha gari lenye giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kuhesabu. Nikipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru siku ya joto, kompyuta hupunguza nguvu yenyewe oili ikipata moto, na gari hutambaa. Fundi mmoja alitaka kunimiminia ATF ya kawaida akisema oili zote nyekundu ni ndugu.

Umeme wa Magari

Hapana, si ndugu. CVT inasukuma kwa mshiko wa mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na inahitaji oili yake iliyoandikwa CVT na kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. ATF ya kawaida humo ndani itasababisha mkanda kuteleza na kukwaruza puli. Lakini giaboksi ya Mzee wa Ruaha si CVT, kwa hiyo naomba turudi Iringa.

Mzee wa Ruaha

Nimerudi na majibu. Nimepunguza oili hadi alama, vipovu vimeisha. Nimefuta kodi, nikapanda kutoka Ipogoro hadi mjini mara kwa mara kwa kutumia gia moja moja kama alivyoshauri Binti Mekanika. Kwenye 2 gari linashika imara kabisa. Kwenye 3 bado kuna kuteleza kidogo ninapokanyaga kwa nguvu, ingawa si kama Kitonga. Kurudi nyuma ni kuzuri gari likiwa la moto; asubuhi bado kunachelewa. Taa ya AT OIL TEMP haijawaka tena na kodi haijarudi.

Spana 17

Klachi ya juu. Nilisema tangu mwanzo.

Kijiti cha Oili

Ulisema klachi zote zimekwisha, Mkuu, na gia ya 2 imekukatalia. Kuteleza kumepungua kwa kupunguza oili tu, bila kufungua hata bolti moja ya giaboksi. Ningependa tumalize kwanza suala la oili: ni aina gani iliwekwa, na je, filta zilibadilishwa? Giaboksi hii ina filta ya nje ya kufungua kwa mkono inayofanana na ya oili ya injini, na kuna chujio jingine ndani ya sampu, bakuli la oili la chini. Mafundi wengi hawajui hata kama ile ya nje ipo, na mara nyingi ndiyo inayoziba.

Umeme wa Magari

Kuhusu kuchelewa asubuhi, mimi naona ni mpira wa ndani uliokakamaa. Ukiwa wa baridi unavujisha shinikizo, ukipata moto unalainika na kuziba. Ni dalili ya umri, na inaweza isiwe na uhusiano wowote na Kitonga. Tunaweza kuwa tunafuatilia magonjwa mawili kwa jina moja.

Mama Mafinga

Nimesoma kimya kimya. Naomba kuuliza kwa sababu na mimi nina Forester: baada ya kusikia haya nabadilisha oili ya giaboksi au naiacha? Yangu ina umri mkubwa na sijui kama iliwahi kubadilishwa. Kuna watu wanasema ukibadilisha oili ya zamani ndipo giaboksi inaanza kuteleza. Na nikikata kona kali kwenye maegesho gari linajikaza kama breki zimeshika.

Binti Mekanika

Dada, yale ni maswali mawili. Kwanza oili. Hadithi hiyo ina chembe ya ukweli: mara nyingi watu hubadilisha oili wakati giaboksi imeshaanza kuteleza, kisha lawama inaangukia oili mpya. Ukifungua bolti ya chini hutoka lita 4 au 5 tu, nyingine inabaki kwenye tokikonveta na mabomba. Kwa gari lisilo na dalili, kumwaga na kujaza kwa awamu, ukiendesha katikati yake, ni salama kuliko kulisukuma lote kwa mashine mara moja.

Kujikaza kwenye kona ni klachi inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Pima kwanza tairi zako. Zote nne zinatakiwa kuwa na ukubwa sawa na kulika sawa. Kisha tafuta nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD ndani ya boneti, uweke fyuzi humo. Taa ya FWD itawaka na gari litaendeshwa na magurudumu ya mbele tu. Ikiwa kujikaza kumeisha, solenoidi inafanya kazi. Ikiwa hakujaisha, solenoidi au klachi ile imekwama.

Spana 17

Kwa upande wangu oili ya gari lililopita umri huo siigusi mpaka iwe na dalili. Nimeona mengi yaliyokufa wiki ya pili baada ya kubadilishwa, na hakuna atakayenishawishi kwa maandishi.

Mzee wa Ruaha, kama hutaki kuniamini, fanyiwa kipimo cha kukaba: breki imekanyagwa, gia D, mafuta hadi mwisho. Mizunguko ikizidi ile ya kitabu, klachi zinateleza.

Kijiti cha Oili

Kipimo hicho hakizidi sekunde 5, oili ikiwa ya moto, magurudumu yamezuiwa, na mtu asisimame mbele ya gari. Kwa giaboksi ambayo tayari inateleza mimi singekifanya kabisa, kwa sababu sekunde hizo tano zinaunguza kile tunachojaribu kukiokoa. Kuna njia ya upole zaidi: mafundi wenye vifaa hufunga geji ya shinikizo kwenye tundu la kupimia la giaboksi na kusoma gari likiwa silensa.

Mzee wa Ruaha

Nimepata fundi mwenye geji ya shinikizo, tumekubaliana Jumamosi. Filta ya nje itabadilishwa siku hiyo hiyo, na nimeshauliza kule gereji: waliweka ATF ya kawaida ya kopo lisilo na maelezo ya Subaru. Giaboksi haishushwi kwa sasa. Asanteni nyote.

Binti Mekanika

Mwambie asome shinikizo kwenye D na kwenye R, asubuhi kabla gari halijapata moto na tena baada ya kupanda Ipogoro, kisha asome kabla na baada ya kubadilisha filta. Likiwa chini kwenye D na R kwa pamoja, Spana 17 atakuwa amekosea. Likiwa sawasawa kotekote na gia ya 3 ikaendelea kuteleza, mimi na Kijiti tutakuwa na la kujibu. Leta namba hizo hapa kama zilivyo.